Kijiji cha Cogne na Mbuzi wa Majabali



Mazungumzo yangu ya leo ni juu ya kijiji kimoja cha milimani katika nchi ya Italia. Kijiji hicho chaitwa Cogne, na wenyewe hulitamka jina hilo kwa mkato, kana kwamba limeandikwa "Kony". Wakaao humo mwaka mzima ni watu wapatao 1,300 tu, nao hawafikii hesabu ya watu wanaokutana katika soko moja kubwa la mashambani kwetu siku ya soko.

Najua kwamba baadhi yenu mtauliza: "Sisi tulio na Mlima Kenya, na tunaouona Kilimanjaro ng'ambo ya mpaka, sisi tulio na simba na tembo, tuna haja gani ya kusikia habari za milima ya wengine?" Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu mapema. Katika milima ya Cogne kuna mnyama ambaye alikuwa karibu kutoweka kabisa duniani, naye akaponea chupuchupu. Jinsi alivyoponea ni habari inayomhusu kila mtu aishiye jirani na wanyama wa porini. Tena, watu wa bonde lile si wageni kabisa katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki, kama nitakavyoeleza mbele. Basi na tuanze safari.

MAHALI PENYEWE

Upande wa kaskazini wa Italia umezungukwa na safu ndefu ya milima iitwayo Alps. Katika pembe ya kaskazini-magharibi, mpakani mwa Ufaransa na Uswisi, kuna bonde kubwa liitwalo Bonde la Aosta. Katika bonde hili lugha ya Kiitaliano na lugha ya Kifaransa zote mbili zina haki sawa mbele ya sheria, na juu ya hizo wazee wanayo lugha yao ya nyumbani, ambayo si Kiitaliano wala si Kifaransa. Kwa hiyo mtoto wa Cogne hukua akisikia lugha tatu, jambo ambalo halitamshangaza mtoto wa Kenya hata kidogo.

Kutoka mji wa Aosta mpaka Cogne ni mwendo wa kilometa zipatazo 27. Kijiji kiko meta 1,534 juu ya usawa wa bahari. Sasa sikilizeni jambo la ajabu. Mji wetu wa Nairobi umeinuka zaidi ya meta 1,600. Kwa hiyo Cogne iko chini kidogo kuliko Nairobi. Lakini mtu wa Nairobi hajapata kuamka asubuhi akaona theluji imefunika barabara, na mtu wa Cogne huiona theluji hiyo miezi mingi kila mwaka. Sababu yake ni nini?

Sababu ni umbali kutoka ikweta. Sisi tuko juu ya ikweta yenyewe, na jua letu hupita karibu na utosi wa kichwa mwaka mzima, na mchana wetu ni sawa na usiku. Cogne iko zaidi ya digrii 45 upande wa kaskazini. Katika mwezi wa Desemba jua la huko hupita chini chini, miali yake huja kwa mshazari, na mchana wote hautimizi muda wa saa 9. Mwezi wa Juni mambo hugeuka: mchana huzidi muda wa saa 15, theluji huyeyuka, na majani huota kwa haraka kana kwamba yanajua kuwa muda wake si mrefu. Ndiyo maana mtu anayetaka kuzuru kijiji hiki lazima kwanza achague majira, maana Cogne ya Julai na Cogne ya Januari ni kama nchi mbili mbalimbali.

NJIA YA KUPANDA

Mji wa Aosta ulijengwa na Warumi mwaka wa 25 kabla ya kuzaliwa Kristo, na tao la mawe la Kaisari Augusto lingali limesimama mpaka leo. Toka hapo barabara huacha bonde kubwa na kuingia katika korongo jembamba, ikifuata mto uendao kwa kasi uitwao Grand Eyvia. Upande mmoja ni ukuta wa mwamba, na upande wa pili ni shimo ambalo chini yake mto unanguruma.

Kabla hujafika mbali, yafaa ushuke garini utazame daraja la Pont d'Ael. Daraja hili lilijengwa mwaka wa 3 kabla ya kuzaliwa Kristo. Limeruka korongo kwa tao moja tu la mawe, na kutoka juu yake mpaka majini ni zaidi ya meta 50. Juu yake palipita mfereji wa maji, na chini ya mfereji, ndani ya daraja lenyewe, palikuwa na njia ya watu na wanyama. Maandishi yaliyochongwa katika jiwe yasema kwamba lilijengwa kwa mali ya mtu binafsi aliyeitwa Caius Avillius Caimus wa mji wa Padova. Mtu huyo hakuwa mfalme wala jemadari, na pengine jina lake lingalikuwa limesahauliwa zamani, lakini jiwe limelitunza muda wa miaka elfu mbili. Hata leo mgeni aweza kupita ndani ya njia ileile.

UWANDA WA SANT'ORSO

Korongo likiisha, bonde hufunguka ghafula, na mgeni huona mbele yake uwanda mpana wa majani, ulio sawa kama mkeka uliotandikwa. Huo ndio uwanda wa Sant'Orso, na kijiji kimejengwa pembeni yake. Nyuma kabisa, mwisho wa bonde, huonekana vilele vyeupe vya Gran Paradiso, mlima wenye urefu wa meta 4,061. Mimi niliyezoea kazi ya kufasiri nawaambieni kwamba jina hilo maana yake ni "Paradiso Kuu". Ni mlima mrefu kuliko yote iliyo ndani ya Italia peke yake, maana Mont Blanc, ulio mrefu zaidi, huko Italia hugawana na Ufaransa.

Angalieni jambo moja katika uwanda huu. Ardhi tambarare milimani ni adimu, na kila mtu ajuaye thamani ya kiwanja aweza kukisia fedha ambazo zingepatikana kama uwanda ungejengwa nyumba za wageni. Lakini hapana hata nyumba moja katikati yake. Watu wa Cogne wameuhifadhi, na hairuhusiwi kujenga. Wakati wa kiangazi majani hukatwa na kukaushwa yawe chakula cha ng'ombe kwa miezi ya baridi. Wakati wa baridi watu huvaa mbao ndefu miguuni na kuteleza juu ya theluji. Uwanda huwalisha kwa namna mbili, nao wenyewe haukupungua.

MAJI YANAYOSIMAMA

Mwendo wa saa moja hivi kwa miguu kutoka kijijini, kuna kitongoji kiitwacho Lillaz. Hapo mto Urtier huanguka kutoka juu ya majabali kwa maporomoko matatu, moja baada ya jingine, na jumla ya maanguko yake ni kiasi cha meta 150. Njia ya kupandia ni nzuri, na hata mzee au mtoto aweza kulifikia la kwanza. Mwezi wa Juni, theluji ya juu inapoyeyuka, kishindo chake husikika mbali, na hewa yote hujaa manyunyu.

Lakini atakayerudi Januari atakuta kimya. Maporomoko yote huganda. Maji yaliyokuwa yakianguka husimama palepale yakawa nguzo za barafu, nyingine za rangi ya samawati kama kioo kinene. Ndipo watu hodari huja kutoka nchi nyingi, wenye viatu vya miiba ya chuma na mashoka mawili mikononi, wakapanda nguzo hizo kama mkwezi apandavyo mnazi. Cogne imepata sifa duniani kwa mchezo huu. Kwa watazamaji, yatosha kusimama chini na kustaajabu.

BUSTANI YA MAUA YA MILIMANI

Kitongoji cha pili cha kuzuru ni Valnontey, kilicho meta 1,666 juu ya usawa wa bahari, katika bonde lielekealo moja kwa moja kwenye barafu za Gran Paradiso. Hapo pana bustani iitwayo Paradisia, iliyofunguliwa mwaka wa 1955. Imepewa jina hilo kwa ajili ya yungiyungi mmoja mweupe wa milimani. Ndani yake hutunzwa aina zipatazo 1,000 za mimea ya milima ya Alps na ya milima mingine ya ulimwengu.

Mimea ya mahali pa juu ina hekima yake. Mingi ni mifupi, hujibana chini ili upepo usiivunje. Mingine imevaa manyoya meupe, kama ua mashuhuri liitwalo edelweiss, ambayo huikinga na jua kali na ukavu. Mingine hutoa maua yake theluji ikiwa ndiyo kwanza inatoweka, ili ipate kuzaa mbegu kabla baridi haijarudi. Yeyote aliyepanda Mlima Kenya akaona ile mimea mikubwa yenye majani yanayojifunga usiku kama ngumi, atatambua kwamba shida ni moja, ila kila mmea umepata dawa yake mwenyewe.

Katika misitu ya hapo kuna mti mwingine wa kutazamwa. Unafanana na msonobari, lakini majani yake hugeuka manjano kama dhahabu mwezi wa Oktoba, kisha yakapukutika yote. Wiki hizo mlima mzima hung'aa, na wengi husema kwamba hayo ndiyo majira mazuri kuliko yote.

MNYAMA ALIYEPONEA CHUPUCHUPU

Sasa nafika kwenye habari niliyowaahidi. Katika majabali ya Gran Paradiso huishi mbuzi wa mwituni ambaye Waitaliano humwita stambecco. Beberu wake aweza kuwa na uzito wa kilo 100, na pembe zake, zilizopindika kuelekea nyuma na zenye vifundo kama ngazi, hufikia urefu wa meta moja. Hutembea juu ya kuta za mwamba mahali ambapo mtu angefikiri hata mjusi hawezi kushika. Jambo lililomponza ni kwamba hana woga mwingi. Akimwona mtu mbali, husimama juu ya jabali kumtazama, naye hudhani kwamba mahali pale hapafikiki. Siku zile za upinde ilikuwa hivyo, lakini risasi hufika.

Tena watu waliamini kwamba mwili wake ni dawa. Pembe zilisagwa, damu ilinywewa, na kimfupa kidogo kilicho karibu na moyo kilivaliwa shingoni kama hirizi ya kumkinga mtu na kifo cha ghafula. Sisi tuliokwisha kuona jinsi kifaru alivyouawa kwa ajili ya pembe yake, hatuna haja ya kuelezwa yaliyofuata. Katika milima yote ya Alps, mbuzi huyo aliangamizwa nchi baada ya nchi. Mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa walikuwa wamesalia wachache sana, labda mia moja au chini ya hapo, katika milima hii ya Gran Paradiso peke yake.

Mwaka wa 1821 serikali ya ufalme wa huko ilipiga marufuku kuwawinda. Mwaka wa 1856 Mfalme Vittorio Emanuele wa Pili aliifanya milima hii kuwa mahali pake mwenyewe pa kuwindia. Hapa lazima nseme kweli pasipo kuipamba. Mfalme hakuwahifadhi wanyama kwa huruma. Aliwahifadhi apate kuwapiga yeye. Nao wanavijiji walipoteza haki ya kuwinda katika milima ya baba zao, na bila shaka walinung'unika. Lakini mfalme alifanya jambo moja la busara: wawindaji wenyewe, waliokuwa wakiwaua wanyama kwa siri, aliwaajiri wawe walinzi. Nani ajuaye njia za mwizi kuliko yeye aliyezipita? Na watu wengine walipata mshahara kwa kuchonga njia milimani, mamia ya kilometa, zilizopandishwa polepole kwa mizunguko mingi ili farasi wa mfalme asichoke. Njia hizo ndizo wapitazo wageni hata leo.

Mjukuu wake, Vittorio Emanuele wa Tatu, aliitoa ardhi yake kwa taifa, na tarehe 3 Desemba 1922 ikawa hifadhi ya taifa ya Gran Paradiso, ya kwanza katika Italia. Lakini kutangaza ni jambo moja na kulinda ni jambo lingine. Wakati wa Vita Kuu ya Pili palikuwa na njaa, palikuwa na bunduki nyingi, na walinzi walikuwa wachache. Vita vilipokwisha mwaka wa 1945, mbuzi wote waliosalia hifadhini walikuwa wapatao 400 tu. Ndipo alipotokea Renzo Videsott, daktari wa wanyama na mpanda milima, akashika uongozi wa hifadhi, akawakusanya walinzi na kuanza kazi upya. Wanyama wakaongezeka tena.

Katikati ya habari hii kuna kisa cha wizi ambacho wema wake ulionekana baadaye. Waswisi, ambao mbuzi wao walikuwa wamekwisha kufa wote, walitaka kununua wachache, lakini mfalme wa Italia hakukubali kuuza. Basi kuanzia mwaka wa 1906 watoto wa mbuzi waliibwa huku Gran Paradiso, wakavushwa mpaka usiku na kuuzwa Uswisi. Huko walifugwa, wakazaa, na mwaka wa 1911 wa kwanza wakaachiliwa milimani. Leo katika milima yote ya Alps wako zaidi ya 50,000, nao wote ni uzao wa wale wachache wa Gran Paradiso.

Lakini msifikiri kwamba hadithi imekwisha kwa furaha. Tangu mwaka wa 1956 walinzi wamewahesabu wanyama hao kila mwaka kwa macho yao wenyewe, wakipanda kila bonde. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 hesabu ya hifadhini ilikaribia 5,000, kisha ikaanza kushuka hata ikawa chini ya 3,000. Hapana aliyewapiga risasi. Kinachoonekana ni kwamba watoto wengi hawafikishi mwaka. Baadhi ya wataalamu wanadhani ni kwa sababu majira ya joto huanza mapema siku hizi, hata majani mororo yanakuwa yamekwisha komaa na kuwa magumu kabla ya majike kunyonyesha. Tena, kwa kuwa wote ni wa ukoo mmoja, si wepesi kuhimili mabadiliko. Kwa hiyo mlinzi wa leo ana kazi ngumu kuliko yule wa mfalme: adui wake hana nyayo za kufuatwa.

Mgeni atakaye kuwaona mbuzi hao kwa urahisi hupanda kutoka Valnontey muda wa saa mbili na nusu au tatu, mpaka nyumba ya wasafiri ya Vittorio Sella, iliyo karibu meta 2,600 juu ya usawa wa bahari. Mahali hapo zamani palikuwa kituo cha mfalme cha kuwindia. Jioni mabeberu hushuka kula majani karibu na nyumba. Huonekana pia swala wa majabali wenye pembe ndogo zilizopindika ncha, na panya wakubwa wanene, jamii ya kindi, wakaao mashimoni na kulala usingizi miezi yote ya baridi. Panya hao hukaa macho kama pelele wetu: mmoja akiona tai angani hupiga mluzi mkali, na wote hutoweka. Hata yule tai mwenye ndevu, alaye mifupa, ambaye wa mwisho wa Alps aliuawa katika Bonde la Aosta mwaka wa 1913, amerudishwa na kuruka tena juu ya milima hii.

CHUMA NA LESI

Watu wa Cogne hawakuishi kwa maziwa peke yake. Juu ya kijiji kuna mlima wenye mawe ya chuma, mazito na mazuri, yaliyochimbwa karne nyingi. Katika karne ya kumi na tisa daktari mmoja wa kijiji, César Emmanuel Grappein, aliyekuwa pia mkuu wa baraza lao, alitaka machimbo yawe mali ya wanakijiji wote, faida yake iwasaidie wote. Katika karne ya ishirini ilikuja kampuni kubwa; reli ikachimbiwa tundu ndani ya mlima, na mawe yakapelekwa kiwandani Aosta. Wachimbaji waliishi katika mabweni zaidi ya meta 2,400 juu, baridi na joto.

Mwaka wa 1979 machimbo yalifungwa. Fikirini jambo hilo: kijiji kizima, ambacho baba na babu walikula kwa chuma, kiliamka siku moja bila kazi hiyo. Vijiji vingi vya milimani vilivyopatwa na msiba wa namna hiyo vimebaki magofu, na vijana wote wakaenda mijini. Cogne haikufa, na sababu yake ni vile vitu ambavyo wengine waliviona havina faida: uwanda usiojengwa, mbuzi wasiowindwa, maporomoko, na theluji. Hivyo ndivyo vilivyoleta wageni, na wageni wakaleta kazi. Kiwanda cha Aosta mpaka leo kimebeba jina la Cogne, na katika majengo ya zamani ya wachimbaji huonyeshwa vyombo vyao na picha zao.

Wanawake nao wana kazi yao mashuhuri, ya kusuka lesi. Husemwa kwamba walifundishwa na watawa waliokimbilia huko katika karne ya kumi na saba. Msukaji huweka mbele yake mto mgumu wa mviringo, akazungusha vijiti vingi vyenye uzi, huku na huku, kwa wepesi ambao macho hayawezi kuufuata. Hapana karatasi yenye mchoro chini ya uzi. Mifano yote imo kichwani, nayo hupita kutoka kwa mama mpaka kwa binti. Mwaka wa 1981 wasukaji walianzisha chama cha ushirika ili kazi yao isipotee na ipate bei ya haki.

Mgeni asiondoke pasipo kuonja supu yao ya wali na mkate iliyoyeyushiwa jibini iitwayo fontina. Na kama ni mwezi wa vuli, ataona ng'ombe wakishuka kutoka malisho ya juu, wamevikwa kengele na maua. Katika bonde hilo hushindanisha ng'ombe majike, wakisukumana kwa vichwa, na yule anayeshinda wote huitwa malkia. Ndugu zetu wa Kakamega, wanaojua kushindanisha mafahali, wangepata mengi ya kuzungumza nao.

WAGENI WETU WA ZAMANI

Nilisema kwamba watu wa bonde hili si wageni kwetu. Tarehe 13 Septemba 1899 Mwingereza Halford Mackinder alifika juu ya Batian, kilele cha Mlima Kenya chenye meta 5,199. Hakuwa peke yake. Waliokata ngazi katika barafu mbele yake walikuwa César Ollier na Joseph Brocherel, waongozi wa milimani kutoka Courmayeur, katika Bonde hilohilo la Aosta. Na mizigo ya safari ile ilibebwa na wapagazi, Waswahili na Wakikuyu.

Miaka saba baadaye, tarehe 18 Juni 1906, waongozi hao wawili walikuwa tena pamoja na Luigi Amedeo, mwenye cheo cha Duki wa Abruzzi, juu ya kilele cha Margherita katika milima ya Ruwenzori, chenye meta 5,109. Luigi Amedeo huyo alikuwa mjukuu wa yule mfalme mwindaji wa Cogne. Na mpiga picha wa safari yake alikuwa Vittorio Sella, ambaye jina lake limepewa ile nyumba ya wasafiri niliyoitaja. Basi Mwafrika atakayelala katika nyumba ile ajue kwamba jina lililo mlangoni ni la mtu aliyepanda milima ya Uganda akiongozwa na kubebewa mizigo na Wakonjo na Waganda.

TAHADHARI

Neno langu la mwisho ni juu ya hatari, maana mlima mzuri haukosi ukali. Mwisho wa mwezi wa Juni, mwaka wa 2024, mvua kubwa sana ilinyesha kwa muda mfupi. Mito ilifurika, barabara ya Cogne ikasombwa, na kijiji kikatengwa na dunia. Wageni waliondolewa kwa helikopta. Barabara ni moja tu, na kwa karibu mwezi mzima haikupitika. Katika majira ambayo watu wa Cogne hupata riziki yao, nyumba za wageni zilikuwa tupu. Walifanya kazi usiku na mchana, na kabla ya Julai kwisha magari yalipita tena. Lakini kila mtu huko anajua kwamba barafu za Gran Paradiso zinapungua mwaka hata mwaka, kama zinavyopungua za Mlima Kenya, na kwamba mvua za siku hizi hazifuati tena desturi za zamani.

Kwa hiyo mwenye kuzuru na azishike sheria za mahali. Ashike njia zilizochongwa. Asichume ua hata moja. Asiwalishe wanyama wala asiwakaribie. Aanze safari alfajiri, maana radi za milimani hupiga alasiri. Wala asikanyage barafu pasipo mwongozi, maana nyufa zake hufunikwa na theluji nyembamba. Mwenda pole hajikwai.

Na ninyi ambao hamtafika Cogne, msihuzunike. Ombi langu ni dogo. Jumapili moja pandeni kilima kilicho karibu na kwenu pamoja na watoto wenu, mwulizeni mzee wa mahali hapo ni mnyama gani aliyekuwa akionekana zamani na haonekani tena, na maji ya kijito yalikuwa yakifika wapi alipokuwa kijana. Majibu yake yaandikeni. Wale walinzi wa Gran Paradiso nao walianza kwa kuhesabu tu.